Mabibi wa Bonde la Eyasi

Msafiri ashukaye kutoka Karatu kwenda Mang'ola huuacha nyuma ubaridi wa milimani, akaingia katika joto la Bonde la Ufa. Mbele yake hutandaa Ziwa Eyasi, lenye maji ya chumvi, na kandokando yake pana miamba, migunga na mibuyu. Katika nchi hii kavu, hadi Yaeda Chini, ndimo wakaamo Wahadzabe, ambao baadhi yao wangali wakiishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi.

Wanaomshangaza mgeni huko ni mabibi. Mwanamke mwenye mvi huchukua mti wake uliochongwa ncha, akafuatana na binti na wajukuu, akachuchumaa na kuchimba baina ya mawe. Wataalamu walioishi nao walieleza mwaka 1989 kwamba wanawake waliokwisha kukoma kuzaa walitumia saa nyingi zaidi kutafuta chakula kuliko wale wa umri wa kuzaa. Hakuna aliyewahimiza kufanya mazoezi. Wajukuu walihitaji kula.

Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba Wahadzabe hufanya shughuli za kuchangamsha mwili kwa wastani wa dakika 135 kila siku, wala kiasi hicho hakipungui uzeeni. Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima, wazee wakiwamo, wapate angalau dakika 150 kwa wiki nzima.

Tusidhani kwamba hawapumziki. Uchunguzi wa mwaka 2020 ulikuta kwamba hutulia karibu saa 10 kwa siku. Lakini mara nyingi hupumzika kwa kuchuchumaa au kupiga magoti, hivyo misuli ya miguu huendelea kufanya kazi kidogo. Hata kupumzika kwao ni mazoea yenye faida.

Sasa tutazame nyumba zetu za mijini. Mama huletwa kutoka kijijini, ambako alizoea kuamka alfajiri kwenda kisimani na shambani. Watoto, kwa mapenzi, humwambia, "Mama, kaa upumzike." Hupokonywa ndoo, hupokonywa na ufagio. Haipiti miezi mingi magoti hukaza, na kuinuka kitini kukawa kazi.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hatusemi mzee achoshwe, wala hatuyasifu maisha magumu ya porini. Twasema apewe shughuli yenye saa yake: kumsindikiza mjukuu shuleni, kwenda sokoni kuchagua mboga, kupalilia mchicha uani. Shughuli ya namna hiyo haingoji hamu. Mzee huinuka kwa sababu mtoto amekwisha kuvaa viatu na anamsubiri mlangoni. Mwenye maradhi apate kwanza shauri la daktari.

Bibi wa Eyasi huamka kwa kuwa anahitajiwa. Na bibi wa mjini naye ahitajiwe.