Hesabu Iliyoshindwa Berkeley

Jengo la duara la Bevatron, mashine ya kuharakishia chembe iliyokuwa mlimani Berkeley, California, lilianza kubomolewa mwaka 2009. Wengi hulikumbuka kwa antiprotoni iliyogunduliwa humo mwaka 1955, na ni haki yake. Ninachokililia mimi ni cha baadaye: mwaka 1974 mashine hiyo kuukuu iliunganishwa na mashine nyingine, SuperHILAC, iliyokuwa juu yake mlimani, ioni nzito zikawa zinashushwa kwa bomba hadi ndani ya duara. Muungano huo, Bevalac, ndio uliofundisha watu kuiga kwa hesabu migongano ya viini vya atomu. Ulifundisha kwa sababu hesabu ilishindwa mbele ya macho ya wote.

Hesabu yenyewe ilichukulia kila protoni na nutroni kuwa gololi: inakwenda moja kwa moja, inagonga mwenzake, inageuka, inaendelea. Kompyuta iliamua kila mgongano kwa bahati nasibu, mara maelfu, kisha wastani ukatafutwa. Huko Frankfurt wanafizikia kina Walter Greiner walishikilia tangu 1974 kwamba kiini kikibanwa hutenda kama kimiminika, na maada yake itasukumwa ubavuni. Mwamuzi alikuwa Plastic Ball, tufe la vipokezi 815. Kila kipokezi kilikuwa na kipande chembamba cha kalisi floridi mbele na plastiki nene nyuma. Chembe iliacha nishati kidogo katika cha kwanza na kusimama katika ya pili, na kwa kulinganisha mianga hiyo miwili ilijulikana kama ni protoni au ni kitu kizito zaidi. Mwaka 1984 matokeo yalitolewa, kwa nishati ya MeV 400 kwa kila nukleoni (yaani protoni au nutroni). Kalisi ilipogonga kalisi, pembe ya mchepuko ilibaki sifuri. Niobi ilipogonga niobi, maada ilichepuka. Hesabu ya gololi haikuwa na mchepuko huo.

Hapo ndipo penye faida. Kwa kuwa hesabu ilikuwa na vitu vichache, ilionekana mara moja kilichokosekana: nguvu ya pamoja ambayo nukleoni zote huitia kila moja yao. Mwaka huohuo wanafizikia Bertsch, Kruse na Das Gupta waliiingiza. Mwaka 1987 ikadhihirika kwamba nguvu hiyo ikitegemea mwendo wa nukleoni, maada laini, inayobanika kwa urahisi, huweza kuchepuka sawa na ngumu, na wengi wakalazimika kupitia upya hitimisho lao.

Kisha zikaja mashine kubwa zaidi za kugonganisha viini: RHIC mwaka 2000, na migongano ya viini vya risasi ndani ya LHC mwaka 2010. Leo modeli huunganisha hatua kadhaa, vigezo vingi vikirekebishwa kwa pamoja mpaka mistari ilingane na data. Watetezi husema takwimu za Bayes hutaja wazi kiasi cha shaka. Kweli, na ni hatua kubwa; lakini shaka hiyo hupimwa ndani ya dhana zilizokwisha kuchaguliwa, na dhana yenye kasoro inaweza kufichwa na kigezo cha jirani. Inaniudhi kuona mwanafunzi akikabidhiwa programu nzima, akapata mchoro unaolingana, asijue ni sehemu gani iliyoulinganisha. Aanze kwa kuzima nguvu ya pamoja, agonganishe niobi na niobi kwa MeV 400, atazame mchepuko unavyonywea.