Jikaze, Jifungue

Lugha yetu ina adabu katika jambo la uzazi. Mara nyingi hatusemi mwanamke amezaa, twasema amejifungua. Kitenzi hicho nilikitumia miaka mingi bila kukitafakari, mpaka usiku nilipolazwa katika wodi ya wazazi mjini Tanga kwa mimba yangu ya kwanza.

Mama yangu aliishia mlangoni. Alikuwa na kanga tatu, beseni na chupa ya chai ya tangawizi, navyo vyote vilikaa naye kwenye benchi la nje hadi alfajiri. Sababu tuliyopewa haikuwa ya kubuni: chumba kilikuwa kimoja, vitanda vingi, mapazia hapana. Muuguzi naye alikuwa mmoja, akikimbia kutoka kitanda hiki hadi kile. Kila alipopita kwangu aliniachia neno moja: “Jikaze, mama.”

Nami nilijikaza. Niliuma pindo la kanga, nikakaza meno, mabega na ngumi. Baada ya saa nyingi alinipima akasema njia bado haijafunguka vya kutosha. Hapo maneno mawili yakaanza kugombana kichwani mwangu. Fundo likikazwa halifunguki. Ningewezaje kujikaza na kujifungua kwa wakati mmoja? Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi, lakini nilipoletewa nimpakate niligeuza uso ukutani. Aibu ya kitendo kile niliificha moyoni kwa miaka 6, na miaka yote hiyo sikutaka kusikia habari ya mimba nyingine.

Mimba ya pili ilipokuja, nilikwenda kituo kidogo cha afya ambako shangazi yangu aliruhusiwa kuingia. Shangazi si mkunga, wala hakusomea uuguzi. Alinisugua kiuno, akaninywesha maji kidogo kidogo, akasema nami usiku kucha: “Legeza mabega, mwanangu. Legeza kinywa. Hili nalo litapita, mimi nipo.” Sitadai kwamba uchungu ulipungua. Kilichopungua ni hofu. Nilipopewa mtoto, nilimwomba shangazi asogeze taa nimwone vizuri.

Baadaye nilisoma kwamba wapo watafiti waliopima kazi kama ile ya shangazi. Katika utafiti uliofanywa nchini Guatemala na kuchapishwa mwaka 1980, wanawake wenye uzazi wa kwanza waliwekewa mwenzi wa kike, mtu baki asiye na mafunzo ya ukunga, awashike mkono na kuzungumza nao. Miongoni mwa waliojifungua bila matatizo, wenye mwenzi walikaa na uchungu kwa wastani wa saa 8.8, walioachwa peke yao, saa 19.3. Kundi lile lilikuwa dogo. Lakini mapitio ya mwaka 2017, yaliyojumuisha tafiti 26 kutoka nchi 17 na wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha mwelekeo huohuo: upasuaji hupungua, uchungu hufupika, na wanawake wachache zaidi husimulia uzazi wao kwa majonzi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mwanamke awe na mwenzi amtakaye wakati wa kujifungua.

Simlaumu muuguzi wa usiku ule. Mtu mmoja mwenye wazazi wengi mikononi hana nafasi ya kukaa; hupita na neno fupi. Wanasarufi hutufundisha kwamba kiambishi -ji- humrudishia mtenda tendo lake. Mimi nilikichukua kama hukumu, kana kwamba anayejifungua lazima ajifungue peke yake. Wahenga hawakuona hivyo. Waliposema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walikiri kwamba hata mwanamke hodari kuliko wote atahitaji mkono wa mwenzake.

Binti wa dada yangu anatarajia mtoto wake wa kwanza mwezi ujao. Ameniomba niwe naye. Nilikwenda kumwuliza muuguzi mkuu wa wodi kama nitaruhusiwa kuingia. Akafikiri kidogo, akaniambia kikwazo ni stara ya wazazi wengine. Tukileta pazia, nitaingia. Kitambaa nimekwisha kununua. Kesho nakipeleka kwa fundi.