Elektrolizi: nini inatoka kila upande?



Sisi wa darasa la sita, mbele ya kwenda kwa mtihani wa Serikali, tumeona vema kuwaachia neno juu ya elektrolizi. Wengi kati yetu wanaikariri kama wimbo: katodi negatifu, anodi pozitifu. Kiisha wanafunga daftari. Kukariri si kujua.

Muhula uliopita, wadogo wetu wa bweni walivunja mawe ya redio yaliyokufa, wakatoa zile fimbo nyeusi za kaboni, wakazifunga na nyuzi kwa batiri ya pikipiki na kuziingiza ndani ya kikombe cha maji ya chumvi. Ilikuwa usiku, madirisha yamefungwa sababu ya baridi. Sisi makapita tulisikia harufu kama ya maji ya javeli, na watu wanakohoa. Tukafungua madirisha, tukatoa wote inje. Hakuna aliyeumia. Wengine walitaka wapewe azabu. Sisi tulisema: kwanza waelezwe.

Basi sikieni. Chumvi ikiyeyuka ndani ya maji, inagawanyika kuwa ioni: zile za sodiomu ni pozitifu, zile za klori ni negatifu. Batiri inatumika kama pompi: inasukuma elektroni kwa katodi na kuzivuta toka anodi. Kwa katodi, maji yanapokea elektroni na hidrojeni inatoka, gazi inayoshika moto upesi. Kwa anodi, ioni za klori zinaacha elektroni zao na kuwa gazi ya klori. Ndiyo gazi ile Wajerumani waliitupa juu ya askari kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Na hapa ilitoka ndani ya kikombe cha chai!

Sasa badilisheni maji. Mukitia sulfati ya shaba, yale maji ya buluu, ioni za shaba zinakwenda kwa katodi. Kila moja inapokea elektroni mbili na kuwa shaba kamili, nyekundu. Ni hiyo kazi inayofanywa kwa viwanda vya Katanga. Kule Likasi, kiwanda cha Shituru kilianza elektrolizi mwaka 1929.

Elektroni hazitolewi bure, zinahesabika. Michael Faraday, mwana wa mfua chuma, aliyejifunza kazi ya kushona vitabu mbele ya kuwa mwenye elimu, alionyesha jambo hilo karibu na mwaka 1833. Amperi 1 kwa saa 1 ni kulombi 3.600. Kwa gramu 63,5 za shaba inaomba kulombi 193.000, ni kusema mara mbili 96.500. Fanyeni hesabu: mutapata gramu 1,18 tu. Kwa kutoa tani moja ya shaba toka maji yale, kiwanda kinakula karibu kilowati-saa 2.000. Ndiyo sababu mstari wa umeme wa Inga mpaka Kolwezi ulijengwa, kilometa karibu 1.700, ukamalizika mwaka 1982.

Na anodi je? Huko ni risasi, haiyeyuki kama shaba. Maji yanavunjika hapo, oksijeni inapanda kwa mapovu madogo, na kila povu likipasuka linarusha asidi hewani. Baba zetu na kaka zetu wanaotumika karibu na vile visima vya asidi wanaipumua. Kikombe cha bweni na kiwanda kikubwa ni somo moja: kilichotoka kwa anodi kinaingia kifuani mwa mtu.

Kwa hiyo, wadogo, hatuwakatazi kutafuta. Tunawakataza kufanya gizani. Mbele ya kufunga nyuzi, kamata karatasi, andika ioni zilizo ndani ya maji, andika nini itatoka kila upande. Kiisha muende kwa bwana mwalimu, mufanye inje, kwenye upepo, naye akiwapo. Na siku moja mukiwa wakubwa wa kiwanda, muulize swali lile lile mbele ya kutuma mtu kazini.

Kazi njema, na mutuombee kwa mtihani.