Kabla hujalipia chumba, uliza jografia

Kuna watu ukiwatajia jografia wanacheka. Eti somo la kukariri milima na mito, mtihani ukiisha nalo limeisha. Sikatai, wengi tulifundishwa hivyo: mwalimu anaandika ubaoni, unanakili, kengele inalia.

Lakini wewe mtoto wa mjini unayesaka chumba, hebu nisikilize.

Juzijuzi rafiki yangu alinipitia twende tukaone chumba bondeni. Dalali akachonga weee: umeme upo, kituo cha basi jirani, kodi bei chee. Mwenzangu macho kwenye vigae, mimi macho kwenye ukuta wa nje. Kulikuwa na mstari wa tope, usawa wa kiuno. Nikamuuliza dalali, huu nini? Akasema rangi. Rangi gani inapita nyumba tano kwa usawa mmoja? Tukaaga. Sasa mwenzangu kapanga mlimani, kodi imezidi kidogo, na kila akibeba ndoo ananilaani.

Mto Msimbazi hauanzii Jangwani, jamani. Unatoka huko vilima vya Pugu, unalikata jiji, unamwaga baharini pale Salenda. Ndiyo maana mvua inaweza kupiga Pugu, we huku umeanika nguo juani, maji yakakufuata. Na bahari ikiwa imejaa, hasa siku za bamvua, mto unakosa pa kumwaga, unatanda bondeni. Desemba 2011 walikufa watu wapatao 40 jijini, na waliopoteza nyumba wengi wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2018 hata karakana ya mabasi ya mwendo kasi pale Jangwani ilijaa maji. Mabasi! Sembuse godoro lako.

Yote hayo yanasomeka kwenye ramani. Mistari ya kontua ikibanana, hapo pana mwinuko mkali. Ikiachana kando ya mto, hapo ni njia ya maji hata kama pamejengwa gesti ya ghorofa mbili. Shule gani haina bonde au mfereji karibu? Mwalimu awatoe watoto nje na ramani yao, dakika arobaini tu.

Mdogo wangu yuko kidato cha kwanza. Jumapili nampeleka Salenda maji yakijaa, aone mto unavyorudi nyuma. Nauli yangu, soda atanunua yeye.