Mlango Ndiyo Ziwa

Wiki hii ni zamu yetu, sisi wa Nyarugusu, na tumechagua kuwaandikia habari ya treni. Msicheke. Wengi wetu hatujawahi kupanda treni hata siku moja, na hatutoki kambini bila kibali kwenda kuiona. Ndiyo maana tulitengeneza ya kwetu.

Ilianza na mota. Mwenzetu anayetengeneza redio alitoa mota ndogo kwenye DVD mbovu, akaifunga kwenye betri ya tochi ya sola, ikazunguka. Mmoja akasema tuifanyie gari. Mwingine akakataa: magari ya waya na malapa tumeyatengeneza tangu utotoni, safari hii iwe treni. Haya, treni inataka reli, na reli inataka mahali pa kupita. Chini ndipo tunapokaa kwa masomo ya jioni, ingekanyagwa siku ileile. Tukaamua ipite juu ya rafu, kuzunguka kuta zote za chumba cha kikundi, chini kidogo ya madirisha, usawa wa macho ya mtoto wa miaka minane.

Mbao tulizipata kwenye makreti ya zamani. Kazi ya kwanza ilikuwa usawa. Macho yetu yalisema rafu imenyooka, lakini mwenzetu mjenzi akaleta mpira wa maji, ule mpira mwangavu wa mafundi, akaweka ncha moja huku na nyingine kule. Kumbe kutoka kona moja hadi nyingine tulikuwa tumepanda vidole vitatu! Kwa mota ya DVD huo ni mlima. Tukabomoa, tukaanza tena.

Reli ni mianzi iliyopasuliwa, mataruma ni matete, na vyote vimefungwa kwa uzi wa gunia. Kila gurudumu ni vifuniko viwili vya chupa vilivyobanwa pamoja: kidogo kinapanda juu ya reli, kikubwa kinakaa upande wa ndani ili treni isitoke. Sehemu zilizonyooka, safi kabisa. Kwenye kona, balaa. Tulikuwa tumezikata kama kona za meza, na kila mara treni ilianguka chini na kutawanya mabehewa.

Hapo ndipo alipoingia mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya reli kule Kalemie. Alikuwa anapita tu, akasikia kelele. Akatuambia: "Treni haikati kona, inaizunguka." Tukaongeza mbao za pembetatu kwenye kona ili mzunguko uwe mpana. Akatufundisha kuinua kidogo reli ya nje na kutanua nafasi kati ya reli mbili pale zinapopinda. Treni ikapita. Tulipiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kapata barua.

Mzee ndiye aliyetuuliza swali lililobadilisha kila kitu: "Reli hii inatoka wapi, inaenda wapi?" Hatukuwa na jibu. Akachukua chaki, akaanza kuandika vituo ukutani. Kulia kwa mlango akaandika Kigoma, ambako reli kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1914. Kutoka hapo zikafuata Uvinza, Tabora, Dodoma, Morogoro, Dar. Kushoto kwa mlango akaandika Kalemie, ambako reli ya upande wa Kongo ilifika mwaka 1915. Halafu Nyunzu, Kabalo, Kamina, Lubumbashi. Ukuta wa nyuma akaujaza na TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa China, kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Kutoka Kapiri Mposhi akaandika Ndola, halafu Sakania, na akarudi Lubumbashi.

Tukasimama kimya. Chumba kizima kilikuwa kimezungukwa. Hatusemi kuna treni moja inayozunguka hivyo. Tunasema reli zipo, zimeshikana ukuta hadi ukuta, na zinakatika mahali pamoja tu: mlangoni, kati ya Kigoma na Kalemie. Yaani ziwa. Ziwa Tanganyika, ambalo wengi wetu au wazazi wetu tulilivuka usiku kwenye mitumbwi.

"Munaona," mzee akasema, "kuzunguka mote inawezekana. Hapa penye mulango ndiyo njia fupi, na ndiyo haina reli."

Sasa ugomvi ukaanza. Nusu yetu walitaka daraja, ubao wa bawaba unaoinuliwa mtu akipita. Mzee akacheka. Akasema hata mkiweka daraja, reli ya Kigoma ina upana wa milimita 1,000 na ya Kalemie 1,067. Tofauti ni vidole vinne, lakini treni ya huku haipiti kule. Hata pale Dar, Reli ya Kati na TAZARA zina upana tofauti na stesheni tofauti. Basi tukaikata reli yetu pale Dar, abiria washuke na kuhamishwa kwa mkono. Abiria ni punje za mahindi.

Wasichana wa Burundi wakauliza: "Na sisi je?" Burundi haina reli inayofanya kazi. Lakini Bujumbura ni bandari, kwa hiyo tukaiandika juu ya mlango. Mmoja wao akachonga meli, akaiita Liemba, ile iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kuunganishwa Kigoma. Mwaka 2015 Liemba iliwabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Yeye alikuwemo, mtoto mgongoni mwa dada yake. Daraja likashindwa kwa kura.

Lakini tulikosea jambo moja. Upande wa Kalemie tulikuwa tumeandika NYUMBANI, kwa herufi kubwa. Mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alisimama akaisoma. Hakupaza sauti. "Huyu alizaliwa hapa Nyarugusu," akasema. "Mukimwambia nyumbani ni kule, hapa aite nini? Na kule kukiwa bado vita, munamutuma wapi?" Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa tumetengeneza kitu cha kuchezea, tukaandika juu yake swali ambalo wazazi wetu hulijadili usiku wakidhani tumelala. Tulifuta neno lile. Yamebaki majina ya vituo tu, na treni inaenda pande zote mbili.

Siku hizi watoto hupanga foleni kuwa ziwa. Zamu yako ikifika, unapokea meli upande wa Kigoma, unahesabu punje, unavuka mlango polepole bila kumwaga, unakabidhi Kalemie. Au unaanzia Kalemie. Au unainyanyua juu hadi Bujumbura, kama mtu mzima atakubali kukubeba.

Mwezi uliopita aliyechonga Liemba alirudi Burundi na familia yake. Sisi hatujui kama walifanya vizuri au vibaya, na si kazi yetu kuwapimia. Asubuhi ya kuondoka alipitia chumbani, akaiweka meli upande wa Kigoma, akapakia punje saba. Familia yao ni watu saba. Kwa siku tatu hakuna mtoto aliyeigusa. Siku ya nne mdogo mmoja akauliza, "Hawa wanasubiri nini?" Akawavusha mwenyewe. Hatukumwambia awashushe wapi.

Ndugu zetu wa Kakuma na Nakivale, mkiwa na mota ya DVD mbovu msiitupe, tuandikieni tuwaelekeze. Na nyinyi wa mashirika mnaokuja kutembelea kikundi, karibuni sana. Ila msisimame mlangoni mkipiga picha. Hapo mmesimama ziwani, na kuna abiria wanataka kupita.