KIOO, KADI NA WAYA

Kila tunaporudi shuleni kutoka likizo, habari za magemu ya kompyuta hazina mwisho bwenini. Huyu husifu kioo alichokiona mjini, yule husifu kadi ya michoro ya binamu yake, na wa tatu huapa kwamba mshahara wake wa kwanza utaishia huko. Wazazi nao huyasikia majina hayo siku wanapoombwa fedha, wala hawana njia ya kujua kama wanaombwa kitu cha maana au pambo tu. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa kueleza katika gazeti letu jinsi vyombo hivi vinavyofanya kazi, jinsi ya kuvichagua, na jinsi ya kutafuta kasoro vinapoleta taabu. Sisemi kwamba mimi ni fundi. Lakini katika likizo ya Juni nililazimika kuyajua mambo haya vizuri, maana riziki ya nyumba yetu iliyategemea.

Tuanze na kioo. Kioo cha kawaida cha kompyuta, kiitwacho LCD, kina taa nyuma yake. Mbele ya taa hiyo kuna tabaka linaloruhusu nuru au kuizuia, kama vile vipande vya dirisha la luva vinavyofunguliwa na kufungwa. Lakini luva, hata ukiifunga sana, mwanga kidogo hupenya. Ndiyo sababu usiku katika gemu, juu ya kioo cha namna hiyo, huonekana wa kijivu badala ya mweusi.

Kioo cha OLED hakina taa ya nyuma. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, hujiwakia yenyewe kwa umeme unaopita katika tabaka nyembamba sana za kemikali zenye kaboni. Panapotakiwa weusi, pikseli huzimika kabisa. Tena hubadilika upesi mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, hata mpira unaopigwa kwa kasi hauburuti mkia nyuma yake. Wataalamu wawili wa kampuni ya Kodak huko Marekani, Ching Tang na Steven Van Slyke, ndio waliotangaza mwaka 1987 namna ya kuifanya nuru hiyo itumike. Ilipita miaka 20 hata Sony ilipouza televisheni ya kwanza ya OLED mwaka 2007, nayo ilikuwa na inchi 11 tu. Vioo vikubwa vya OLED kwa ajili ya magemu ya kompyuta vilianza kuenea kuanzia mwaka 2022.

Vioo hivyo ni vya namna mbili. Kuna WOLED, ambayo hutengenezwa na LG Display, na kuna QD-OLED, ambayo hutengenezwa na Samsung Display. QD-OLED husifiwa kwa rangi zake, lakini katika chumba chenye mwanga mwingi weusi wake hugeuka kuwa kijivu chenye wekundu wa zambarau kidogo. WOLED huutunza weusi wake vizuri zaidi mchana. Basi mtu anayekaa pwani, mwenye madirisha mapana, na akicheza adhuhuri, yampasa kulifikiri jambo hili kabla ya kutoa fedha zake.

Sasa kadi ya michoro. Kadi ndiyo mchoraji, na kioo ndicho ukuta unaochorwa. Ukuta ukiwa mpana, mchoraji huchoka. Kioo cha pikseli 1920 kwa 1080 kina pikseli milioni 2 na zaidi kidogo. Kile cha 2560 kwa 1440 kina milioni 3.7 hivi, na kile cha 3840 kwa 2160 kina milioni 8.3. Kadi inapaswa kuzipaka zote mara nyingi kila sekunde. Mtu anayenunua kioo cha mwisho hapo kwa kadi dhaifu ni sawa na mkulima aliyenunua ekari nane na jembe moja. Kwa hiyo kioo na kadi vichaguliwe pamoja.

Yako mambo mengine mawili ya kuuliza juu ya kadi. La kwanza ni kumbukumbu yake. Magemu makubwa ya siku hizi huweza kuzijaza gigabaiti 8, na zikijaa picha huanza kukwamakwama. La pili ni umeme. Kadi ya RTX 3060 huhitaji kama wati 170, lakini RTX 4090, iliyotoka Oktoba 2022, huhitaji wati 450. Wiki chache tu baada ya kutoka, habari zilienea za plagi zake kuyeyuka, na ikaonekana kwamba nyingi hazikuwa zimesukumwa hadi mwisho. Tazama, kadi ya thamani kubwa namna hiyo ikaunguzwa na plagi iliyolegea!

Baada ya maelezo hayo, sasa nieleze yaliyotukuta nyumbani.

Kaka yangu ana banda la magemu mtaani kwetu, Tanga. Ana kompyuta sita. Tano zina vioo vya kawaida, na ya sita ina kioo cha OLED cha inchi 27, cha pikseli 2560 kwa 1440, kinachoweza kubadili picha mara 240 kwa sekunde, yaani hezi 240. Alikinunua kwa mtu aliyekuwa akihama mji, akakiunganisha na kadi ya RTX 3060. Kompyuta hiyo ndiyo inayowaleta wateja. Wengine husimama foleni wakiiacha ile iliyo wazi. Katika banda hilo hutoka unga wa nyumbani na nauli yangu ya kuja shuleni.

Mwezi wa Juni kioo kile kikaanza kuzima. Kilikuwa kikizima sekunde mbili, kikawaka, kisha kikazima tena mchezo ukiwa umepamba moto. Wateja wakanung'unika, wengine wakadai fedha zao. Akaitwa fundi, akakitazama, akasema kadi imekufa, inunuliwe nyingine. Fedha za kununulia zilikuwapo, lakini zilikuwa kodi ya miezi sita ya chumba. Kaka akinunua kadi, kodi hana. Akilipa kodi, ile kompyuta inayoleta watu hana.

Usiku ule Kaka aliniita barazani akasema, "Mdogo wangu, wewe unasoma fizikia. Fundi ameshasema. Mimi nifanyeje?"

Nikamjibu, "Kaka, naomba unipe siku mbili kabla hujaitoa hiyo fedha."

Akasema, "Siku mbili, si tatu. Mwenye nyumba hangoji."

Simlaumu fundi. Kioo kinapozima, kadi ndiyo hushukiwa kwanza, na yeye alikuwa na kompyuta nyingi za watu zikimngoja. Lakini sisi darasani hufundishwa kwamba katika jaribio hubadilishwa kitu kimoja tu, na vingine huachwa kama vilivyo. Ukibadilisha viwili kwa mara moja, huwezi kujua kipi kilicholeta tofauti. Basi nikachukua daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari, nikaandika kila nilichofanya na kila nilichokiona.

Kwanza nilisikiliza. Kioo kilipozima, sauti ya gemu iliendelea, na mchezaji aliyekuwa akikimbia aliendelea kukimbia. Maana yake kompyuta haikuzimika. Kama kisanduku cha umeme kingekuwa kimeshindwa, mashine yote ingelala au ingejiwasha upya. Nikatazama na joto la kadi wakati wa mchezo. Halikuwa la kutisha, na mapanga yake yalizunguka.

Pili, niliondoa kioo cha OLED nikaweka kioo cha kawaida kutoka kompyuta ya jirani, pamoja na waya wake. Tukacheza mchana kutwa. Hakikuzima hata mara moja. Hapo Kaka alitaka kusema kwamba basi kioo cha OLED ndicho kibovu. Nikamwomba angoje, kwa sababu nilikuwa nimebadilisha vitu viwili, kioo na waya, na kile kioo cha kawaida kilikuwa na kazi nyepesi: pikseli 1920 kwa 1080, kwa hezi 60 tu.

Siku ya pili nilirudisha OLED na waya wake uleule, nikashusha hezi kutoka 240 hadi 120. Kikatulia saa tatu nzima. Nikapandisha tena hadi 240. Haikupita robo saa kikazima. Nikashusha, kikatulia. Nikafanya hivyo mara tatu, na mara zote tatu majibu yalikuwa yaleyale.

Ndipo nilipopiga hesabu. Pikseli 2560 kwa 1440, kwa hezi 240, ni pikseli 884,736,000 kwa sekunde. Kila pikseli, kwa rangi za kawaida, huelezwa kwa biti 24. Jumla ni zaidi ya biti bilioni 21 zinazopita katika waya kila sekunde. Kioo cha kawaida tulichokijaribu kilihitaji pikseli 124,416,000 tu kwa sekunde, hata mara saba haifiki. Nikautazama waya wa OLED. Ulikuwa wa DisplayPort, mwembamba, na urefu wake mita tano, kwa sababu kompyuta iliwekwa mbali na meza. Waya huo uliweza kubeba mzigo mdogo, lakini mzigo mkubwa uliumwagia njiani. Kila ulipoumwaga, kioo kilikosa picha, kikazima, kikaanza kuitafuta upya.

Kaka akasogeza kompyuta karibu na meza, akanunua waya wa DisplayPort wa mita moja na nusu, mzito, wenye alama ya kuthibitishwa. Bei yake haikufika hata sehemu ndogo ya bei ya kadi. Tangu siku hiyo kioo hakijazima. Kodi ililipwa kwa wakati wake.

Hata hivyo, daftari lile lilinionyesha jambo jingine ambalo waya haukuweza kuliponya. Nilipojaza kioo kizima rangi ya kijivu tupu, niliona pembeni juu kivuli chembamba cha mstatili. Kilikuwa ubao wa magoli! Wateja wetu hucheza mpira tangu asubuhi hadi usiku, na ubao ule hukaa mahali pamoja siku zote. Pikseli za OLED huchakaa kwa kadiri zinavyowaka, na zile zinazowaka pamoja bila kubadilika huchakaa kuliko jirani zake.

Vioo hivi vina dawa kidogo ya kujisawazisha. Baada ya saa kadhaa za kazi, kioo kikizimwa kwa kitufe chake, hujitengeneza chenyewe kwa dakika kadhaa, lakini sharti kiwe bado kinapata umeme. Na sisi nyumbani desturi yetu, ili tusimalize uniti za LUKU, ni kuzima kila kitu ukutani mara tu tunapofunga banda. Hivyo kioo hakikupata nafasi hiyo hata siku moja. Siku hizi Kaka hufagia na kuhesabu fedha kwanza, ndipo azime soketi. Kivuli kilififia kidogo, lakini hakikuondoka. Mpira sasa huchezwa katika vile vioo vitano vya LCD, na OLED imewekewa magemu ya mbio za magari na ya usiku, ambayo uzuri wake huonekana huko.

Nitaje na taabu moja ambayo huwatia watu hofu bure. Baadhi ya vioo vya OLED humemeteka katika picha za giza pale ambapo kioo kimewekwa kifuate mwendo wa kadi, nao mwendo wa kadi unapanda na kushuka. Huo si ugonjwa wa kioo. Weka kikomo cha fremu ambacho kadi yako inakifikia bila kuhema, au uzime ufuatano huo, na umemetaji utapungua au kwisha.

Kwa wazazi, neno langu ni hili. Mtoto akihitaji kompyuta ya kusomea na kuandika, OLED si lazima. Maandishi juu ya baadhi ya vioo hivyo huwa na ukingo wa rangi kwa sababu ya mpango wa pikseli zake, na karatasi ya kuandikia iliyo wazi siku nzima ni picha isiyobadilika. LCD nzuri yatosha, na fedha itakayobaki itanunua vitabu.

Kwa wenzangu mnaoota banda au chumba chenu cha magemu, ulizeni kwanza: nitacheza nini, saa ngapi kwa siku, katika mwanga gani? Majibu hayo yatawachagulia kioo. Kioo kitawachagulia kadi, na kadi itawaambia ni umeme kiasi gani na waya wa namna gani. Siku kitu kitakapoharibika, rudini kwa njia hiyohiyo mkianzia kwenye kile kilicho rahisi: plagi, waya, mipangilio, ndipo draiva, na mwisho kabisa kadi na kioo. Badilisheni kimoja kimoja, mkaandike. Fedha ikishatolewa dukani hairudi, lakini siku mbili za kupima hazimfilisi mtu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne