Kabla Sauti Haijaingia

Asubuhi moja mwishoni mwa Februari 2019 nilirudi kutoka zamu ya usiku nikamkuta mwenye nyumba wangu ameketi jikoni, chai imempoa mbele yake. Nilikuwa nimepanga chumba kwake kaskazini mwa London kwa mwaka wa tatu. Alikuwa fundi umeme mstaafu, mjane, mtu wa maneno machache. "Mark Hollis amefariki," akaniambia. Sikumjua huyo Mark Hollis. Nilidhani ni ndugu yake, nikampa pole kama tunavyopeana kwetu Unguja, naye akaipokea kama mfiwa anavyoipokea.

Jioni ile aliniita sebuleni. Akatoa santuri yenye picha ya mti uliobeba makombe ya baharini na ndege, akaifuta vumbi kwa kitambaa, akazima taa. Sharti lake lilikuwa moja tu: tusizungumze mpaka upande wa kwanza uishe.

Ikaanza tarumbeta, ya mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto bila haraka ya kujibiwa. Zikafuata nyuzi, nazo zikapotea. Pakawa kimya kirefu hata nikafikiri mashine imeharibika. Kisha gitaa likaingia, ngoma zikajikokota, kinanda cha mdomo kikakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye saruji. Mwimbaji hakuonekana. Zaidi ya dakika mbili zilipita kabla hajafungua kinywa, na alipofungua, alinong'ona. Nyimbo tatu zilishikana bila pengo, dakika kama 23 kwa jumla, na sindano ilipofika mwisho nilikuwa na swali moja tu kichwani: watu wamekipendea nini kitu hiki?

Albamu yenyewe ni *Spirit of Eden*, iliyotoka Septemba 1988, ya bendi ya Kiingereza iitwayo Talk Talk, ambayo mwimbaji wake alikuwa huyo Mark Hollis. Swali langu la usiku ule nimeishi nalo miaka kadhaa, na jibu lake limenifundisha jambo ambalo baba yangu alikwisha kunifundisha utotoni, nikalisahau.

Bendi hii haikuzaliwa na muziki mgumu. Ilianza mwaka 1981, na albamu yake ya kwanza ya mwaka 1982 ilikuwa ya vinanda vya umeme na nyimbo za kuchezeka, kama vijana wengi wa Uingereza walivyopiga wakati ule. Ya pili, *It's My Life*, iliwapa jina Ulaya. Ya tatu, *The Colour of Spring* ya mwaka 1986, iliuza sana, na wimbo wao wa "Life's What You Make It" ukapigwa redioni kila kona. Kampuni yao ya kurekodi, EMI, ilikuwa na kila sababu ya kuwapa fedha na muda. Mtu wa kawaida angepika tena chakula kilekile ambacho wageni wamekisifia.

Hollis hakufanya hivyo. Aliingia katika studio za Wessex, mtaa wa Highbury, pamoja na mtayarishaji na mwandani wake Tim Friese-Greene, mpiga ngoma Lee Harris, mpiga besi Paul Webb na fundi mitambo Phill Brown. Nimewahi kupita pale kwa miguu, maana si mbali na nilipokuwa nikiishi. Lilikuwa jengo la kanisa hapo zamani, na siku hizi ni makazi ya watu. Wanabendi wa Queen walirekodi humo ile mishindo ya miguu ya "We Will Rock You" mwaka 1977, mwimbaji wao akiwa Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja kama mimi. Nilisimama barabarani nikitafakari kwamba kuta hizohizo zilipokea kishindo kile, kisha baada ya miaka kumi zikapokea minong'ono ya Hollis.

Walifanya kazi humo kwa takriban mwaka mzima, gizani. Mwanga ulikuwa wa projekta ya mafuta iliyorusha rangi ukutani na taa ya kumetameta. Waliletwa wanamuziki mmoja baada ya mwingine: Henry Lowther, mpiga tarumbeta wa jazi, Danny Thompson na besi yake kubwa ya mbao, Mark Feltham na kinanda cha mdomo, Nigel Kennedy na fidla, ambaye mwaka uliofuata albamu yake ya muziki wa Vivaldi ingemfikisha duniani kote. Ikaja pia kwaya ya Kanisa Kuu la Chelmsford. Wengi hawakupewa noti za kufuata. Waliambiwa wapige wanachokisikia moyoni, kama wafanyavyo watu wa jazi. Wakapiga kwa saa nyingi, kisha karibu yote yakafutwa. Katika kazi ya siku nzima ya mtu mmoja zingeweza kubakizwa sekunde chache tu.

Hollis alizipenda mno kazi za wanamuziki wa jazi Miles Davis na Gil Evans, hasa *Sketches of Spain* ya mwaka 1960, na ukiisikiliza tarumbeta ile ya mwanzo utaona mti huu ulinyonya maji wapi. Alisema katika mahojiano kwamba anapenda sauti, lakini kwa namna fulani anapenda ukimya zaidi. Aliamini pia kwamba mtu asipige noti mbili kabla hajajua kupiga moja, na hiyo moja asiipige bila sababu.

Kazi ilipokamilika zilibaki nyimbo sita, dakika 41. Haikufanyika ziara ya maonyesho, kwani muziki ule usingeweza kurudiwa jukwaani. Albamu ilifika nafasi ya 19 Uingereza, ikateremka. Bendi na kampuni wakafikishana mahakamani juu ya mkataba, wakaachana. Kwa hesabu ya biashara, hadithi iliishia hapo.

Kwa hesabu ya wasikilizaji ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, na mmoja wao ndiye aliyeketi nami gizani. Mwenye nyumba wangu alinisimulia kwamba mwaka 1988 aliinunua kwa sababu alipenda nyimbo zao za kuchezeka. Alipoisikiliza alikasirika, akahisi ametapeliwa, akaisukumia nyuma ya rafu. Miaka mitatu baadaye mkewe alifariki. Kila muziki aliouweka ndani ya nyumba ulimkera: wa furaha ulimtukana, wa huzuni ulimlazimisha kulia wakati machozi yamekauka. Usiku mmoja alivuta santuri bila kuangalia, ikaja hii. "Haikuniambia nijisikieje," alisema. "Ilikaa na mimi tu." Tangu hapo akawa anawarekodia rafiki zake kwenye kaseti, akiwapa kwa sharti lilelile la giza na kunyamaza.

Nimekutana na wapenzi wengine wa albamu hii, na karibu kila mmoja ana hadithi ya namna hiyo. Ni wachache walioipenda siku ya kwanza. Mtu aliyeipenda zamani alimpa mwingine mkononi, kama mbegu inavyopewa jirani, na huyo akakaa nayo mpaka ikaota. Wanamuziki nao waliirithi. Guy Garvey wa bendi ya Elbow ameisifu mara nyingi. Mwaka 1994 mwandishi Simon Reynolds alipoanza kuandika juu ya muziki alioubatiza jina la "post-rock", wengi waliotazama nyuma kutafuta chimbuko lake walikuta Talk Talk wamesimama pale. Hakuna tangazo lililofanya kazi hiyo. Ni miaka na watu.

Hapo nilipata funzo langu la kwanza. Tumezoea kukipima kitu kwa namna kinavyopokewa siku kinapotoka. Mtoto akileta matokeo ya muhula mmoja tunamtolea hukumu ya maisha. Tukitoa salamu mara moja isijibiwe kwa bashasha, tunasema mtu yule ana kiburi. Lakini yapo mambo ambayo siku ya kwanza hayana cha kuonyesha, na mtu anayeyahukumu siku hiyo anajinyima. Santuri ya mwenye nyumba wangu haikubadilika hata mstari mmoja ndani ya ile miaka mitatu ya rafuni. Aliyebadilika ni yeye.

Sisemi kwamba kila kigumu ni kizuri. Dada yangu nilimchezea wimbo wa kwanza kwa simu, akanisikiliza kwa heshima, kisha akauliza muziki wenyewe utaanza lini. Sikumlaumu. Mapenzi ya namna hii hayalazimishwi, na mtu anayejiona bora kwa sababu ya anachokisikiliza hajafaidika nacho.

Funzo la pili ni la yale yaliyofutwa. Mwanzoni lilinisononesha. Nilimwaza mpiga ala aliyetoa jasho siku nzima, kisha kazi yake ikatupwa. Baadaye nikaelewa kwamba zile sekunde zilizobaki zisingepatikana bila yale masaa. Nimefanya kazi ya kutunza wazee kwa miaka mingi, na nikiitazama vizuri naona ndivyo ilivyo: mashuka, vidonge, vyungu vya haja, kugeuza mgonjwa ubavu saa nane za usiku. Katika zamu nzima pengine utapata mara moja tu mzee akushike mkono na kukutazama akijua kwamba ni wewe. Huwezi kuagiza kitambo hicho pekee. Kinakuja kwa aliyekuwepo masaa yote mengine.

Funzo la tatu ndilo lililonigusa nyumbani.

Nilipokuwa mdogo, baba alinichukua kwenye taarabu ya Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905 na ambacho yeye alikiheshimu kama mtu anavyoheshimu ukoo. Kabla ya nyimbo hupigwa bashrafu, fidla, ganuni na moyo wa msikilizaji vikitafutana, na hakuna anayeimba. Nilimvuta kanzu nikamuuliza mwimbaji yuko wapi. Aliinama akaniambia, "Ngoja, mwanangu. Sauti haitanguliwi."

Mwaka 2019, miezi michache baada ya usiku ule wa santuri, baba alipatwa na kiharusi. Akapona mwili, lakini maneno yakawa yanamjia mojamoja, kwa tabu, na baadhi yakikwama mlangoni. Nilimpigia simu kila Ijumaa, na nakiri kwamba nilikuwa naziogopa simu zile. Ule ukimya wake sikuuweza. Akianza neno, nilimmalizia. Nilijiambia kwamba namsaidia.

Kwa majuma kadhaa alikuwa anajaribu neno moja. "Mwe..." angeanza, kisha kimya. "Mwezi, baba?" nilimdakia. "Mwisho wa mwezi nitatuma, usijali." Angeguna, na mama angechukua simu. Ijumaa iliyofuata, "Mwe..." tena. Nami nikaapa tena kwamba fedha zinakuja, na kwa siri nikaumia kwamba baba yangu, mtu aliyekuwa hana haja na cha mtu, sasa hazungumzi ila fedha.

Ijumaa moja ya Septemba nilimpigia nikiwa sebuleni kwa mwenye nyumba wangu. Alikuwa ameweka ile santuri kwa sauti ya chini, upande wa kwanza, mwanzoni kabisa. Tarumbeta ikaita, ikanyamaza. Upande wa pili wa simu baba akasema, "Mwe..."

Nilifungua kinywa kumdakia, kisha nikakifumba. Sijui kama ni ile tarumbeta au ni ile kanzu niliyoivuta utotoni. Nilikaa. Nilisikia pumzi zake, nikasikia kunguru wa nyumbani Bububu na pikipiki ikipita barabarani. Kwa mara ya kwanza sikuuona ukimya ule kama shimo la kufukiwa. Baba alikuwa ndani yake, anatembea kuja kwangu kwa mwendo anaouweza.

"Mwembe," akasema. Kisha, baada ya muda mrefu: "wako." Kisha: "umetoa maua."

Ni mwembe alioupanda kwa kokwa, mwaka 2012, juma nililoondoka kuja Uingereza. Nilikuwa nimeusahau. Tangu maua ya kwanza alikuwa anataka niwe na habari, na kila Ijumaa nilimtangulia kwa pesa.

Mark Hollis naye alijua kungoja na kunyamaza. Talk Talk walitoa albamu moja zaidi, *Laughing Stock*, mwaka 1991. Mwaka 1998 akatoa moja ya peke yake, tulivu kuliko zote, kisha akauacha muziki akarudi kwa familia yake. Hakukimbilia jukwaa tena mpaka alipofariki akiwa na miaka 64. Wengine walimwonea huruma kwamba amepotea. Mimi nadhani alikuwa amesema alichokuwa nacho.

Ndugu msomaji, huenda albamu hii hutaipenda kamwe, na si neno. Lakini bila shaka yuko mtu maishani mwako unayemmalizia sentensi: mtoto mwenye kigugumizi, mwenzi asiyejua kueleza kinachomuuma, mzee ambaye maneno yanamkimbia. Siku moja mwache atafute neno lake mwenyewe, hata likichukua muda wa wimbo mzima.

Baba bado anazungumza polepole. Siku hizi nikimpigia Ijumaa natanguliza salamu, tunaitikiana, kisha nanyamaza. Desemba ya mwaka ule wa 2019 mama aliniambia kwamba mwembe ulibeba maembe manne tu, na baba alikataza yasichumwe mpaka yaanguke yenyewe.